Bosi kaniambia nivunje kijiwe cha wafanyakazi, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Njombe, nalifupisha. Yeye ni afisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha kupaki parachichi, wafanyakazi kama tisini ukijumlisha na vibarua wa msimu. Nje ya geti kuna mama anauza chai, chapati na maharage, saa nne watu wanajazana pale, jioni wakitoka wanajazana tena. Alafu wafanyakazi wana grupu la WhatsApp ambalo uongozi haumo. Meneja mpya amekuja, kakuta habari kwamba mnunuzi mmoja mkubwa hataendelea na mkataba imeshafika kwa vibarua kabla yeye mwenyewe hajaitangaza, amekasirika sana, kampa dada mwezi mmoja: mama wa chai aondoke, grupu lifungwe, na atafutwe mtu ndani ya grupu awe analeta skrinshoti ofisini. Dada anauliza aanzie wapi na kama hilo jambo ni sahihi.

Dada yangu, kamwene, na pole kwa baridi ya huko. Usianze. Hilo ndo jibu langu kwa kifupi, usivunje hicho kijiwe, na wala sikwambii hivyo kwa sababu ya kumuonea huruma mama wa chai peke yake japo nae ana watoto wa kusomesha. Nakwambia hivyo kwa sababu hicho kijiwe kinaendesha kiwanda chenu kuliko meneja anavyojua, na ukikivunja kazi zitaanza kukwama sehemu ambazo hamtaelewa kwanini zinakwama. Ila najua huwezi kurudi kwa bosi mikono mitupu ukamwambia tu haiwezekani, kwaiyo ngoja nikueleze taratibu mpaka tufike kwenye cha kumwambia.

Ile chati mliyobandika ukutani ofisini inasema nani yuko chini ya nani. Haisemi mashine ya kupanga saizi ikigoma usiku anapigiwa nani, haisemi kibarua mpya akichanganya madaraja ya matunda anamuuliza nani kabla supavaiza hajamuona, haisemi dereva akikwama na tope kule mashambani anampigia nani kwanza. Hayo yote yapo, watu wote wanayajua, ila hayajaandikwa popote, na yanajengwa pale pale kwenye benchi la chai.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilikua afisa utumishi kwenye kampuni moja ya mazao Mbeya, tulikua na ghala na kinu cha kukoboa mpunga, mzigo mwingi ukitoka Ubaruku. Tulikua na mzee mmoja wa mizani, mtu mkimya, cheo chake kwenye karatasi kilikua karani tu. Uongozi ukaamua kupangua watu, mzee akahamishiwa kituo kingine, barua ya uhamisho nikaisaini mimi. Wiki ile ile malori yakaanza kupanga foleni mpaka barabara kuu, madereva wanagombana, wapakuaji leo wako ishirini hakuna gari, kesho magari sita na wapakuaji wanne. Tukafanya vikao, tukalaumu madereva, tukalaumu mlinzi wa geti, hola. Kama wiki mbili hivi zimepita nikaenda kukaa na wapakuaji wakati wa chakula, mmoja akiwa anamenya muwa akaniambia bila hata kuniangalia, "Si mzee ndo alikua anapiga simu". Nikamuuliza simu gani. Kumbe yule mzee kila asubuhi alikua anawapigia madereva wakiwa bado Igawa au Chimala, huyu anamwambia njoo mapema, huyu anamwambia kunywa chai Igurusi kwanza uingie saa sita, alafu anamtumia kiongozi wa wapakuaji meseji kwamba leo leta watu kumi na mbili. Salio lake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemtuma na hakuna fomu iliyoonyesha. Nilipompigia kumuomba arudi alishaandika barua ya kuacha kazi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba aliona hatumhitaji. Maneno yale bado ninayo kichwani mpaka leo, kwa sababu nilikua nimekaa nae jengo moja zaidi ya miaka mitatu na sikuwahi kumuuliza siku yake inaendaje.

Sasa meneja wako anaweza kukwambia hizo ni hadithi za Mbeya. Basi mpe ya Marekani. Kule Cicero, pembeni ya Chicago, kwenye kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric kilichokua kinatengeneza vifaa vya simu, kuanzia mwisho wa mwaka 1931 mpaka katikati ya 1932 watafiti waliwaweka mafundi 14 kwenye chumba kimoja, wakakaa wanawaangalia tu wanavyofanya kazi. Malipo yalipangwa ili wakizalisha zaidi kama kundi wapate zaidi, kwaiyo kwa hesabu ya ofisi kila mtu angekimbizana. Wapi! Wale mafundi walikua na makubaliano yao wenyewe kwamba kazi ya kutosha kwa siku ni vifaa viwili basi, ukizidisha wenzako wanakusema, wanakupiga ngumi ya begani kukukumbusha, ukizembea ukawa mzigo kwa wenzako unasemwa pia, na anayepeleka maneno kwa wakubwa ndo kabisa hatakiwi. Ndani ya watu 14 kulikua na makundi mawili, la mbele na la nyuma ya chumba, kila moja na michezo yake na utani wake. Ofisi ilikataza kubadilishana kazi na kusaidiana, wao wakawa wanabadilishana na kusaidiana kila siku.

Watu wengi wanaisimulia hii habari kuonyesha kwamba wafanyakazi wakiachwa wanakua wavivu. Mi siisomi hivyo. Ule ulikua wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapunguzwa kazini kila mwezi, na wale mafundi waliamini wakionyesha wanaweza kuzalisha zaidi basi ofisi itapandisha kiwango kwa malipo yale yale au itapunguza watu. Walikua wanalindana. Kundi la wafanyakazi linageukia kumpinga bosi pale linapoona hakuna mwingine wa kulilinda, na ukilivunja wakati watu wanaogopa unawapa sababu ya kuogopa zaidi.

Alafu turudi kwenye iliyomuuma meneja wako, habari ya mkataba kuvuja. Hebu kaa kwenye nafasi ya kibarua wako. Analipwa kwa siku, amepanga chumba Njombe mjini, ana shamba Wanging'ombe. Swali lake ni moja tu, wiki ijayo nina kazi au nirudi nikapande viazi kabla mvua hazijanipita. Kwake hiyo habari ni chakula cha nyumbani, na ofisi ilikua nayo ikakaa kimya. Sasa mtu aliye kwenye hali hiyo utamwambia asiulize? Ataulizia kwa dereva, dereva ataulizia kwa mtu wa koldirumu, kile chumba cha baridi cha kutunzia matunda, mtu wa koldirumu ameona maboksi yenye nembo ya yule mnunuzi hayajaagizwa tena, basi wamejumlisha wenyewe na wakapata jibu sahihi. Hakuna aliyeiba siri hapo. Ofisi ikikaa kimya watu watajaza nafasi, na kwa uzoefu wangu mengi wanayojaza hua yana ukweli ndani yake, yanapopotoka ni kwenye vipande vinavyokosekana, na hivyo vipande mnavyo ninyi. Ningekua mimi, kila jumatatu kabla ya shifti kuanza meneja anasimama mbele ya watu dakika kumi, anasema wiki hii mzigo kiasi gani, wiki ijayo tunategemea nini, nini hatujui bado. Hata hicho cha "hatujui bado" akitamke kwa mdomo wake. Utaona wiki ya tatu ya nne maneno ya benchi yanabadilika.

Na lile grupu la WhatsApp, kaulize lilianzaje. Nimefanya kazi na ofisi nyingi kuanzia Tunduma mpaka Mafinga, na mara nyingi grupu la wafanyakazi linaanza na msiba. Inakua hivi, saa kumi na moja alfajiri meseji inaingia, "Ndugu zangu poleni, mwenzetu wa upande wa kuosha kreti amefiwa na mama yake, mazishi kesho Ludewa, kila mmoja elfu tatu, mtume kwa mweka hazina kabla ya saa sita, gari la kwenda litatoka stendi saa nane". Kufika jioni pesa ipo, sanda ipo, watu wanane wapo ndani ya kosta. Ofisi yenu ingeweza hilo kwa masaa kumi? Ofisi ingekua bado inatafuta nani asaini vocha. Baada ya msiba grupu linabaki, linaingia mchezo wa kupeana hela kila mwisho wa mwezi, linaingia harusi, linaingia nani anauza mbuzi. Ukimwambia mtu afunge hilo grupu unamwambia siku akifiwa azike peke yake, na atakuelewa hivyo hivyo.

Huku kwetu nyanda za juu hili lina mizizi mirefu. Wanyakyusa kule Rungwe zamani vijana wa rika moja walikua wanatoka kwa wazazi wanajenga kijiji chao, wanakua pamoja, wanaoa, wanazeeka pamoja, na watafiti waliokaa nao miaka ya 1930 waliandika neno lao ukwangala, yani ule utamu wa kukaa na wenzako, kula pamoja, kupiga soga. Kwa wazee wale mtu aliyekua hakai na wenzake ndo aliyetiliwa mashaka, maana akili na adabu vilionekana vinapatikana kwenye maongezi ya wenza. Kijiji cha rika hakipo tena kwa sura ile, ila huo utamaduni wa kukaa pamoja haujaisha, umehamia kwenye benchi la mama wa chai.

Sasa wewe kama afisa rasilimali watu kazi yako ni kukijua hicho kijiwe. Kuna wataalamu wawili Wamarekani, Krackhardt na Hanson, mwaka 1993 walieleza kwamba ndani ya kampuni kuna mitandao kama mitatu hivi imelaliana: nani anaombwa ushauri wa kazi, nani anaaminiwa na siri, na nani anaongea na nani kila siku kuhusu kazi. Mtu mmoja anaweza akawa nguzo kwenye mmoja na kwenye mwingine hayupo kabisa. Fundi wako mkuu labda kila mtu anamuuliza habari za mashine ila hakuna anayeweza kumwambia kwamba anataka kuacha kazi. Kwaiyo ongea na watu mmoja mmoja, bila haraka, bila karatasi mkononi kama unaweza, uliza kazi ikikushinda unamfata nani, wiki iliyopita uliongea na nani zaidi kuhusu kazi, na ukiwa na jambo zito ungemwambia nani. Baada ya watu kumi na tano tu utaanza kusikia majina yale yale yanarudi. Nakwambia ukweli utashangaa, hua ni mama wa usafi, mlinzi, karani wa mizani, mtu ambaye kwenye vikao vya uongozi hatajwi. Hiyo ramani ikae kichwani mwako na kwenye daftari lako la kufungia. Usimpe meneja orodha ya majina, maana orodha hiyo hiyo kesho inaweza kutumika kufukuzia watu.

Waangalie sana wanaounganisha makundi. Granovetter, mwanasosholojia, mwaka 1973 alichapisha kazi yake juu ya nguvu ya watu tusiozoeana nao sana. Alifatilia wanaume waliobadilisha kazi kwenye mji wa Newton karibu na Boston, na kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndo walikua wanaonana na huyo mtu mara kwa mara, asilimia 55.6 walikua wanaonana nae mara mojamoja na 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake ni nyepesi, rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, habari mpya inaletwa na yule mnaepishana. Kwenu huyo ni dereva. Yeye asubuhi yuko na wakulima Lupembe, mchana yuko kwenu getini, kesho yuko Makambako kwenye mizani ya barabarani. Wakulima wakianza kunung'unika bei, wakianza kuuza kwa mnunuzi mwingine, dereva anajua kabla ya afisa ugani wenu. Na dereva anayasema wapi? Kwenye chai. Mfukuze mama wa chai dereva atakua anashusha mzigo anaondoka, na hayo maneno ataondoka nayo.

Sitaki uone kama kila kitu cha kijiwe ni kizuri maana sio kweli, na hapa naomba usome vizuri. Kijiwe kina mlango na kuna watu hawaingii. Nimeona sehemu nafasi za ovataimu zinagawanywa jioni kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, supavaiza anakaa na washikaji zake, anasema kesho njooni wewe na wewe na wewe. Wanawake wenye watoto wadogo wameshawahi nyumbani, asiyekunywa hayupo, mlokole hayupo, kesho yake wanakuta majina yamejaa. Hakuna aliyewabagua kwa tamko lakini mwisho wa mwezi mshahara unaonyesha. Nimeona pia watu wa kabila moja wamejazana idara moja mpaka anayetoka Songea akiingia wanahamia kuongea kilugha. Utani wa makabila ni mzuri ukiwa wa pande mbili, kama Wahehe na Wangoni wanavyotupiana maneno na wote wanacheka, ila ukiona anayecheka ni upande mmoja tu basi hapo pameshaharibika. Na lililo baya kuliko yote, ule uaminifu wa kundi unaweza kumficha mwanaume anayewasumbua mabinti wa kibarua, wote wanajua, hakuna anayesema, kwa sababu ni mwenzetu na ndo anayetuandikia siku za kazi.

Hayo ndo ya kushughulika nayo, na hayashughulikiwi kwa kufunga benchi la chai. Ovataimu iandikwe kwa zamu kwenye ubao wa matangazo siku mbili kabla, kila mtu aone zamu yake. Kibarua mpya apewe mtu wa kumshika mkono wiki ya kwanza, na umchague huyo mtu kutoka kwenye yale majina yaliyojirudia, asiwe wa kabila lake wala wa mtaani kwake. Mabinti wapewe mwanamke wa kupeleka malalamiko ambaye haandiki siku za mtu. Kaka wa zamu anayegawa kazi asiwe huyo huyo anaekopesha wenzake hela, hili watu wengi hawalioni lakini mtu ukiwa unadaiwa nae huwezi kumkatalia kitu.

Kuhusu skrinshoti, hapo kataa kabisa, na kataa kwa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na wenzake na kuanzisha chama, kwaiyo mkimuadhibu mtu kwa sababu alikua anaongea na wenzake kuhusu maslahi yao mnajitafutia kesi, ana siku 30 za kulifikisha shauri la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na wengi siku hizi wanaijua njia. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kukusanya kimyakimya maongezi ya watu, misiba yao, magonjwa yao, madeni yao, ni hatari kwa kampuni. Ila hata sheria zisingekuepo bado ningekukataza. Huyo mpelelezi atajulikana, hachukui hata mwezi. Siku akijulikana watafungua grupu jingine jioni hiyo hiyo, yeye hatakuemo, na wewe hakuna atakayekwambia kitu cha kweli tena kwa muda wote utakaokua hapo kiwandani. Na yeye umemuharibia maisha, maana ataendelea kukaa mtaa ule ule na wenzake.

Usiombe kuingizwa kwenye grupu pia. Wakikuingiza wenyewe kwa ajili ya msiba, ingia, changa, pole, alafu toka.

Kwa meneja nenda mkiwa wewe na yeye tu, usimpinge mbele ya watu. Muulize kwanza kinachomsumbua hasa ni nini, maana nadhani ni aibu ya kupitwa na habari kwenye kiwanda chake mwenyewe, ni mtu mgeni na hana wa kumwambia kitu. Mpe ile jumatatu ya dakika kumi. Mwambie akupe miezi miwili badala ya mmoja, mkihesabu vitu vinavyoonekana, wanaokosa kazini, matunda yanayorudishwa, muda wa lori kukaa getini, alafu muangalie. Na mwambie saa nne siku moja atoke, aagize chai na chapati yake alipe, akae. Siku ya kwanza watanyamaza wote, ya pili pia, asikate tamaa, asiulize maswali ya kazi, aulize habari za timu za mpira au mbolea imefika bei gani.

Mama wa chai kama kweli yuko kwenye njia ya malori basi hilo ni la usalama na lina haki ya kushughulikiwa. Msogezeni hatua ishirini upande wa ukuta, mumpe mabati manne na nguzo, mumuwekee na ndoo ya kunawia. Ila kabla hamjapima muulizeni yeye mwenyewe moshi unaelekea wapi, asije akawa anawapelekea moshi watu wa koldirumu.